Mtoto Kwenye Shimo la Kahawa

Watu wabaya Marita aliwaweza. Alijua kuwajibu, na asipowajibu alijua kuwapita njiani kama hawapo. Waliomshinda ni watu wema, na mwaka ule wa hamsini na nne Ihanda nzima ilijaa watu wema.

Binti yake Nesta alikuwa na miaka sita. Alizaliwa baada ya uchungu wa siku tatu, hakulia, na tangu hapo miguu yake ilikakamaa na kupishana kama mkasi. Maneno yalimtoka kwa taabu, lakini akili yake ilikuwa kali kuliko ya wengi waliomwita maskini. Akiwekwa chini uani, hakuna aliyeweza kumpita. Huyu atamwinua, yule atammenyea ndizi na kumpondea, mwingine atamfuta mdomo usio na kitu. Mtoto hakupewa nafasi hata ya kuanguka mwenyewe.

Kinara wao alikuwa bibi yake, Fides, mama mkwe wa Marita. Wahenga walisema abebwaye hujikaza. Nesta angejikaza saa ngapi, wakati Fides alimfunga mbeleko kwa mafundo mawili na kuzunguka naye kutwa nzima, kisimani, kanisani, mpaka misibani?

Hayo yote Marita angeyavumilia kama asingekuwa na mimba. Mumewe, Efraimu, alikuwa mgodini Kitwe na mkataba wake haujafika hata nusu. Januari mgongo wa Marita ungechukuliwa na mtoto mchanga, na Nesta angebaki mkekani akingoja mtu apite. Marita alitaka kitu kimoja tu: kabla ya Januari Nesta aweze kujikokota mwenyewe kutoka mlangoni hadi jikoni, hatua kumi na mbili, kwa namna yoyote ile.

Septemba bwana shamba alikuwa amepita akiamuru kila nyumba ichimbe mashimo ya kahawa, futi mbili kwenda chini na futi mbili upana, yaachwe wazi yapigwe jua mpaka mvua. Kasiani, shemeji yake Marita, aliyesimamia shamba la kaka yake Efraimu, alichimba arobaini. La mwisho lilikuwa hatua chache tu kutoka jikoni. Siku moja Marita alikuwa akipepeta ulezi, na Nesta kila akiegemezwa ukutani aliangukia kwenye ungo. Mara ya nne Marita alishikwa na hasira, akamchukua, akamshusha shimoni, akamshindilia majani makavu pembeni.

"Ngoja humo nimalize."

Udongo na majani vilimbana magoti yasipishane. Kifua kikaegemea ukingo. Mikono yake, ambayo siku zote ilikuwa na kazi ya kujizuia asianguke, ikawa huru. Nesta aliokota bonge la udongo akamrushia kuku, akakosa, akarusha tena. Marita aliacha kupepeta, akabaki anamtazama mwanawe amesimama.

Tangu siku hiyo alimweka shimoni kila asubuhi. Baada ya mwezi Nesta aliweza kukandamiza ukingo kwa viganja na kujiinua mpaka goti moja likagusa nyasi za juu. Lakini kila siku, kabla goti la pili halijafika, Fides alikuwa ameshatokea na mbeleko yake begani.

"Anayewekwa shimoni ni maiti," alisema, akimvuta mtoto kwapani. "Wewe na mimba yako hiyo, unamzoesha mjukuu wangu kaburi?"

"Mama, ni shimo la kahawa."

"La kahawa litiwe kahawa."

Marita akaanza kumweka mtoto shimoni mapema zaidi, umande haujakauka. Fides naye akaanza kuamka mapema zaidi. Ilikuwa kama kuteka maji kwa pakacha, na Novemba uvumilivu ulimwishia.

"Mama, mwezi wa kwanza mgongo wangu utakuwa na mwingine."

"Wangu upo."

"Utakuwepo mpaka lini?"

Neno likishatoka halirudi. Mkamwana hamhesabii mama mkwe siku zake za kuishi. Fides aliingia ndani akafunga mlango. Kesho yake Marita alipeleka kuku na unga, akapiga magoti mlangoni kuomba radhi, na Fides akapokea. Lakini baada ya hapo hakumjia tena na maneno. Alikuja kimya, akambeba mtoto, akaondoka.

Desemba mvua zikaingia. Marita alikwenda Igamba kumwuguza mama yake mzazi, akalala huko siku mbili. Aliporudi, shimo la jikoni lilikuwa limefukiwa vizuri, limetiwa samadi, na katikati yake umesimama mche wa kahawa wenye majani sita. Kasiani alikuwa akitabasamu.

"Shemeji, nimekumalizia kazi. Mama alilia sana, nikaona huruma. Na bwana shamba anakuja baada ya wiki mbili kuhesabu miche."

Kasiani hakuwa mtu mbaya. Hiyo ndiyo ilikuwa shida yenyewe.

"Nichimbie jingine," alisema Marita.

"La nini?"

"La mtoto."

Kasiani aliitazama mimba yake, akarudi nyuma hatua moja. Shimo la kahawa lilikuwa la serikali, watu walilivumilia. Shimo la kuchimbwa kwa kipimo cha mtoto, kwenye ua wa mwenye mimba, lilikuwa na jina moja tu, na hakuna mtu Ihanda ambaye angelipigia jembe. Marita mwenyewe, alipofikiri kulichimba, aliliweka jembe chini.

Akajaribu kumbana Nesta kati ya ukuta na gunia la mahindi. Gunia likaserereka. Akajaribu kinu kilicholazwa, kikabingirika na mtoto juu yake. Fides alimfuta machozi mjukuu wake, akambeba. Siku ya kumi bila shimo, Marita akimwogesha binti yake, magoti yalikataa kuachana hata kwa kuvutwa. Alikaa pale chini na maji yakapoa. Kisha akampeleka mtoto kwa bibi yake, akachukua jembe, akaenda kuung'oa mche.

Kila mtu alijua kwamba mche wa serikali ukishapandwa, kuung'oa ni kujipeleka barazani kushtakiwa. Kasiani alikuja mbio akipiga kelele. Fides akaja nyuma yake, Nesta mgongoni. Marita hakuacha kuchimba mpaka futi mbili zilipotimia.

"Mama, mshushe," alisema akihema. "Na leo usiondoke. Miezi mitatu unakuja kumtoa. Hujawahi hata siku moja kutazama anachofanya humu."

Fides alishika mafundo ya mbeleko kwa nguvu. Nesta akaanza kumpiga begani.

"Chini. Bibi, chini."

Mafundo yakafunguliwa. Nesta akashushwa shimoni, magoti yakatetemeka, akateleza mpaka chini kabisa, asionekane ila utosi. Fides alinyoosha mikono.

"Mwache," alisema Marita.

Vidole vikashika ukingo, udongo ukabomoka. Vikashika tena. Kikaja kidevu, vikaja viwiko, kisha kifua, na Nesta akasimama akihema, kamasi zikimtoka. Fides aliinama na ncha ya kanga amfute. Nesta akageuza uso, akajifuta mwenyewe kwa kiganja, akajipaka tope mpaka sikioni.

"Kumbe anasimama," alisema Fides, kama mtu aliyefichwa jambo.

Nani alimficha? Marita alitaka kucheka, akataka pia kumpiga mtu kofi. Zilibaki wiki tatu ajifungue, na katika zile hatua kumi na mbili mtoto hakuwa amepiga hata moja.

"Sasa bwana shamba nitamwambia nini?" aliuliza Kasiani, mche mkononi.

"Mwambie mama yako ndiye aliyeung'oa," alisema Fides. "Aje anifunge."

Akaketi kwenye tope ukingoni mwa shimo, miguu ameinyoosha. Nesta akateleza tena, na safari hii akalia, akimwita bibi. Fides aliingiza mikono yake yote miwili chini ya mapaja, akaikalia.