Mafuta ya Kondoo Kwenye Breki za Bulle

Watu wa mji wetu wa Wote bado wanasema mume wangu Ndeti ndiye fundi aliyetia mafuta kwenye breki. Wanasema na kucheka. Mtu akifanya jambo la kipumbavu anaambiwa, wewe nawe ni fundi wa Bulle. Wacha waseme, watasema mchana, usiku watalala. Lakini mama yangu tumemzika juzi, na hakuna tena wa kulindwa, kwa hiyo leo nasema mimi, na anayetaka kukasirika akasirike.

Ilikuwa mwaka wa thelathini na sita. Ndeti alikuwa dereva wa Bulle, Msomali mwenye duka la chumvi na sukari pale Wote, ambaye pia alinunua ngozi. Bulle alikuwa na pikipiki ya magurudumu matatu, moja mbele na mawili nyuma, na sanduku kubwa la mizigo juu ya yale ya nyuma. Ndeti alipanda nayo milima ya Mbooni hadi soko la Kikima akiwa na chumvi, akateremka na ngozi. Upande wetu hakuna mwingine aliyeweza kuifungua ile pikipiki na kuirudisha ikatembea. Bulle alikuwa amemwahidi gereji kando ya duka, awe fundi wa kukaa, aachane na milima. Mimi nilikuwa nimeshachagua hata mahali pa kuanikia nguo nyuma ya hiyo gereji.

Ndipo breki zikaanza kelele. Ndeti akizishika, magurudumu ya nyuma yalilia mpaka mbuzi wa watu wakakata kamba, na usukani ukamtetemekea mikononi.

"Ndeti," Bulle akamwambia, "wateja wananiuliza kama nimenunua fisi."

"Tajiri, nipe leo tu," Ndeti akajibu.

Mume wangu hakuwa mtu wa kubahatisha. Aliinua sehemu ya nyuma juu ya mawe, akazungusha gurudumu moja moja kwa mkono, ameweka ncha ya kijiti kwenye chuma na ncha nyingine sikioni. La kushoto lilizunguka sawa. La kulia lilisugua, likaacha, likasugua tena mahali palepale. Akaniita nishike kipande cha makaa karibu na dramu, lile bakuli la chuma linaloshikwa na viatu vya breki kutoka ndani, na yeye akazungusha. Makaa yakachora upande mmoja tu.

"Umeona?" akaniambia. "Hili si duara tena. Joto la mteremko limelipinda. Mtetemeko unatoka hapa."

Kilio nacho kilitoka kwenye viatu vyenyewe, vya kulia na vya kushoto. Vilikuwa vimeungua vikang'aa kama kibuyu cha zamani. Akavisugua kwenye jiwe la kunolea mpaka vikakwaruza mkono, akavirudisha. Kelele ikapungua lakini haikwisha. Akamweleza Bulle bila kumficha: dramu ya kulia inataka mpya, iagizwe ije na gari moshi hadi Emali, kabla haijafika breki zitalia, lakini zinashika, na yeye atateremka polepole. Bulle alilalamika, akaagiza. Mpaka hapo hakuna aliyekosea.

Sasa nieleze nyumbani kwetu. Wazazi wangu walikaa karibu na Kikima, barabara inapopita. Baba alikuwa na mkokoteni wa ng'ombe, na kazi ya kuutia mafuta ilikuwa ya mama, Ndinda. Mkokoteni wa kwetu haukuwahi kulia. Mama alisema gurudumu likilia njiani linawatangazia watu kwamba nyumba hiyo haina hata kondoo wa kuchinja. Aliyeyusha mafuta ya mkia wa kondoo, akachanganya na udongo mwekundu kidogo yashike vizuri, akayaweka kwenye kibuyu nyuma ya mlango. Harufu ya kibuyu kile naijua kama ninavyoijua harufu ya watoto wangu.

Na kwetu Ukambani kuna nthoni. Mkwe na mama wa mke wake hawatazamani usoni, hawatajani jina, hawasemezani. Wakikutana njiani mama anaingia porini mpaka mkwe apite. Mama yangu alikuwa ameokoka, alibatizwa, aliimba kanisani kuliko wengine wote, lakini nthoni hakuna mchungaji aliyeitoa. Kila siku Ndeti alipopita kwetu, mama alipika, akamwachia baba ampe, na yeye akaenda kujificha nyuma ya ghala.

Basi siku moja, dramu mpya haijafika bado, Ndeti alifika kutoka sokoni na ngozi zake, akashika breki mbele ya boma, na magurudumu yakalia majirani wakatoka kutazama. Baba akamkaribisha ndani, wakala. Mama alikuwa nje, na pikipiki ilikuwa nje. Mtu mwingine angeuliza. Yeye angemuuliza nani, na mkwe hasemezwi? Angeweza kumtuma baba, ndiyo, lakini kumwambia mkwe kwamba chombo chake kinamwaibisha ni tusi. Tenda wema nenda zako, ndivyo alivyotulea. Akayeyusha mafuta, akayamimina moto moto pale chuma kinapokutana na chuma, kulia na kushoto, akarudi nyuma ya ghala.

Ndeti aliaga akaondoka. Barabara ya kwanza kutoka kwetu ni tambarare, haina haja ya breki. Alipoanza mteremko akashika breki za nyuma, hazikulia, na hazikushika. Ya mbele peke yake haikuweza uzito wa ngozi zile. Kona ya kwanza alipita kwa neema ya Mungu. Ya pili ikamtupa kwenye mawe, pikipiki ikamlalia mguu.

Nilimkuta nyumbani kwa watu, mguu umefungwa vijiti, uso umekuwa wa mzee. Tukambeba hadi kwetu Wote. Bulle alituletea maziwa kila asubuhi, sitamdhulumu kwa kusema vingine. Kisha akamleta fundi kutoka Machakos, jina lake Mutiso, aifungue pikipiki ajue kilichotokea. Jioni Bulle akaja na kiatu kimoja cha breki kimefungwa kwenye gunia, akakaa kando ya kitanda.

"Mutiso anasema kuna mafuta ndani, pande zote mbili," akasema. "Nilikugombeza juu ya kelele, ni kweli. Lakini nilikuambia utie mafuta?"

Akanipa kile kiatu. Kilikuwa na utando mwekundu mwekundu. Nikakinusa, na ilikuwa harufu ya kibuyu cha mama.

"Mimi siamini ni wewe," Bulle akaendelea kumwambia Ndeti. "Mtu anayejua breki hawezi. Mutiso anataka kazi yako, na watu wanasema nimpe. Niambie nani alitia, na gereji ni yako hata mguu usipopona. Fundi anaweza kufanya kazi amekaa."

Nikafungua mdomo. Ndeti akanitazama mara moja tu, akamgeukia Bulle.

"Ni mimi, tajiri. Nilichoka na kelele."

Bulle alikichukua kile kiatu mkononi mwangu. Halafu akachukua gunia lake akaenda, na maziwa hayakuja tena.

Nilimgombeza Ndeti siku ile nisivyowahi kumgombeza mtu. Nilimuuliza kama mguu haumtoshi, mpaka avunje na jina. Yeye alikuwa ameinusa ile harufu ya mkokoteni wa baba tangu kona ya kwanza, chuma kilipopata moto.

"Nikisema ni yeye," akaniambia, "nimemtaja mama mkwe sokoni. Watamcheka mpaka afe, na mimi nitakuwa mtu wa namna gani?"

"Basi nitasema mimi. Mimi ni mtoto wake."

"Wewe ni mke wangu, Mbinya. Ukisema, ni mimi nimesema."

Nikatii, na sikumwambia mtu. Nilimchukia yeye kwa wema wake na mama kwa wake. Gereji ilijengwa, na Mutiso akaingia. Nguo nilizoziona zikianikwa nyuma yake zilikuwa za mkewe.

Mvua zilipokwisha mama alikuja kumtazama mgonjwa. Alitembea kutoka Kikima na kikapu cha viazi vitamu. Kuingia hangeweza, mkwe amelala ndani, kwa hiyo alikaa nje, akaupa mlango mgongo. Mimi nikasimama mlangoni katikati yao. Akauliza hali, nikampelekea Ndeti. Ndeti akajibu, nikamrudishia mama, na kila mmoja alikuwa anamsikia mwenzake vizuri kabisa.

"Muulize," mama akasema kwa sauti ya chini, "ile siku alipotoka kwetu, gari ilinyamaza?"

Nikageuka. Ndeti alikuwa anatazama paa.

"Mwambie ilinyamaza," akasema. "Mwambie asante."

Nikamwambia. Mama akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akaanza kutoa viazi kwenye kikapu na kuvipanga chini.

"Basi kwa nini aliongeza mengine?" akasema. "Hata Kikima wanasema alijitilia mwenyewe, ndiyo akaanguka. Mimi nilikuwa nimeshatia ya kutosha, na mahali pake. Mwambie asitie tena kama hajui. Aniachie mimi."

Nilishika mwimo wa mlango. Ulimi wangu ulikuwa na kila neno tayari, na nilitaka kumwona akiyasikia. Nyuma yangu kitanda kililia, Ndeti akijaribu kujigeuza na ule mguu wake.

"Mwambie nimesikia," akasema.

Nikamwambia mama kwamba amesikia.