Ndoo Kumi za Stoo ya Rangi

Asubuhi hiyo mama alipiga pasi blauzi nyeupe, akaikung'uta, akamkabidhi binti yake kama anayemkabidhi mtu nauli ya safari ya mbali. Karatasi ya mwisho ya mtihani wa uhasibu ilikuwa saa nane mchana. Mara ya kwanza binti alianguka kwa alama mbili, akarudi nyumbani akisema alikaribia.

"Aliyeukaribia mto hajavuka, mwanangu," mama alimwambia. "Leo uvuke."

Kuvuka kwenyewe kulikuwa na sharti. Ofisi ya wakaguzi alikokuwa mwanagenzi ilimwandikia wazi: akishindwa mara ya pili, au asipotokea, afungashe virago. Miaka miwili ya kubeba mafaili ya wakubwa na kuweka tiki kwa kalamu ya kijani, hata ofisi nzima ikasahau jina lake ikamwita Tiki, yote ingekwenda na maji.

Na bado siku hiyohiyo mkaguzi mkuu akampeleka kuhesabu stoo ya rangi.

"Ni ndoo tu," alisema. "Ukianza saa mbili, saa tano umemaliza. Mtihani hauna miguu, utaukuta palepale."

Kuhesabu stoo kuna desturi yake. Mlango hufungwa kwa nje, asitoke mtu wala isitoke ndoo, mpaka karatasi ya hesabu iwe na sahihi mbili, ya mkaguzi na ya mtunza stoo. Hesabu ikikataa kulingana na kadi za stoo, wanarudia mara tatu. Ikikataa ya tatu, wanakaa humohumo kumngoja mkubwa. Na mkubwa mwenyewe, yule mkaguzi mkuu, alikuwa amekwenda stoo ya pili, kurudi kwake jioni. Simu zote zilibaki kwa mlinzi, kwa sababu ya mvuke wa thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, usije ukashika moto.

Basi Tiki akahesabu. Alipanda ngazi, akashuka, akagusa kila ndoo kwa kalamu. Mtunza stoo, mzee aliyebakiza miezi minne astaafu, alimfuata nyuma akisoma kadi. Kila walipomaliza safu walirudi mezani, wakaketi, wakaandika. Kadi zilisema mia nane arobaini na sita. Tiki akapata mia nane thelathini na sita.

"Umeruka safu, mjukuu wangu," mzee alisema.

Akarudia. Thelathini na sita.

Saa sita na nusu ikapita. Jasho likaibandika ile blauzi mgongoni, na vidole vilikuwa vimepata rangi ya bluu kutoka kwenye ndoo iliyovuja. Tiki akaenda dirishani, akashika nyavu.

"Baba mlinzi, nifungulie. Nina mtihani saa nane."

"Karatasi imesainiwa?"

"Bado."

"Basi na wewe bado. Tulia, mama. Haraka haraka haina baraka."

"Baraka nitaitafuta kesho, baba. Leo nipe haraka."

Mlinzi alicheka mpaka akakohoa, lakini ufunguo haukutoka mfukoni.

Mzee akavuta kiti, akasema kwa sauti ya chini, "Andika arobaini na sita. Mimi nasaini, wewe unasaini, unakwenda zako kwenye mtihani. Nani atapanda huku kuhesabu tena?"

Tiki aliitazama karatasi. Akiandika uongo, mlango unafunguka sasa hivi. Akiandika kweli, anakaa mpaka jioni, mtihani unampita, na mzee huyu anaondoka kazini akiitwa mwizi. Kila upande aliogeukia alikuta ukuta.

"Babu, umeziuza?" aliuliza.

Mzee alimtazama kama aliyepigwa kofi. "Miaka ishirini na tisa nimelala nikijua kila ndoo ilipo. Ningeuza kumi leo, nikanunue nini? Sanda?"

Tiki aliona haya. Kisha akaichukua kalamu ya kijani. "Basi zimo humu. Tunahesabu ya tatu."

"Na mtihani?"

"Nikitia sahihi ya uongo leo, huo mtihani naufanya ili niwe nani?"

Walianza upya, safari hii kutoka mlangoni. Saa saba na nusu wakarudi mezani. Thelathini na sita. Tiki akajitupa kitini, nguvu zimemwisha, na goti lake likagonga mguu wa meza.

Puu.

Akagonga tena kwa ngumi. Mguu wa meza ya mbao haulii hivyo. Akafunua kitambaa cha plastiki kilichoning'inia mpaka sakafuni.

Chini ya ubao palikuwa na ndoo, mbilimbili kila pembe. Nane.

"Babu," alisema taratibu, "hii meza ni ya lini?"

Mzee alishika kichwa. "Mama yangu! Ofisi walinichukulia meza yangu mwezi wa tatu. Nikasema nitaegesha ubao siku mbili tatu..."

"Na hapa tulipokaa?"

Wote wawili wakainuka kwa pamoja, kama walioketishwa juu ya siafu. Wakatoa magunia yaliyofunika vile viti vyao; chini yake zilikuwa ndoo. Moja. Mbili.

Asubuhi nzima walikuwa wanaziandika ndoo huku wamezikalia ndoo! Mzee alicheka, kisha akafuta macho kwa mkono wa shati. Wakaandika arobaini na sita, wakasaini wote wawili, na chozi la mzee likautiririsha kidogo wino wa sahihi yake. Mlinzi aliisoma karatasi herufi kwa herufi, kidole kikitembea, huku Tiki akirukaruka mlangoni kama anayetafuta choo.

Lango la mtihani lilikuwa linafungwa saa nane na nusu, baada ya kuwangoja wachelewaji nusu saa. Alifika zikiwa zimebaki dakika mbili, blauzi ya mama haitamaniki, vidole vya bluu. Msimamizi akamwonyesha kiti cha nyuma, kisha akarudi kusukuma komeo.

"Ukishaingia, hutoki mpaka kengele," alisema.

Tiki alilisikia komeo likigonga chuma: mlango wa pili kwa siku moja. Aliiweka kalamu juu ya meza. Lakini kabla ya kugeuza karatasi, aliinama akachungulia chini.

"Wewe! Unatafuta nini huko?"

"Miguu ya meza, mwalimu," alisema. "Nilikuwa nahakikisha tu."

Ilikuwa minne, ya mbao. Akaanza swali la kwanza.