Ribiti ya Kumi na Nne

Kidole gumba cha Mwinga kilitambaa juu ya mstari wa ribiti, vile vipingili vya chuma vinavyobania mabati, moja baada ya moja, kikasimama kwenye ya kumi na nne. Alichutama, akaingiza kioo kidogo ndani ya bawa la ndege, akatazama. Mkia wa ribiti, ambao ulipaswa kupondeka ukae bapa kama kifungo cha shati, ulikuwa umelalia upande mmoja. Na ilikuwa kwenye boriti, ule ukanda mnene wa alumini unaolibeba bawa zima.

Ilikuwa Alhamisi, mwaka wa pili wa uhuru. Jumamosi ndege ile ingeruka kwa mara ya kwanza, na wa kuirusha alikuwa Baya, mdogo wake Mwinga, tumbo moja.

Mzungu mmoja mwenye shamba la mkonge ndiye aliyeanza kuiunda, kwa michoro aliyoiagiza kwa posta. Bendera ilipobadilika alifunga virago, akamwachia fundi wake, Mzee Mulwa, mabati, michoro na ghala lile la Kinondo. Mulwa alikuwa Mkamba wa makamo yaliyokwisha kupita, aliyejifunza kazi wakati wa vita, akiziba mabawa ya ndege za jeshi kule Mombasa. Alimchukua Mwinga kutoka kwenye uhunzi wa ndoo na makarai, akamfundisha kupiga ribiti. Watu waliwacheka mpaka Baya aliporudi kutoka masomoni na leseni ya urubani, akaketi kwenye kile kiti kimoja cha ndege. Kicheko kikakatika.

Mstari ule wa boriti aliupiga Mulwa mwenyewe. Mwinga alilijua hilo, kama alivyojua kwamba siku hizi kikombe cha kahawa hugongana na kisahani mkononi mwa mzee.

Asubuhi nzima hakuwa na pa kutulia. Alitoka nje akarudi. Alishika nyundo akaiweka. Kila alipofumba macho aliliona bawa likikunjika juu ya bahari na Baya ndani yake. Angemwambiaje mzee? Angeyaanzia wapi maneno ya kumwambia fundi wake kwamba mikono imemtupa?

Adhuhuri Mulwa alipokwenda kula, Mwinga alichukua keekee ya mkono, aitoboe ribiti ile na kupiga nyingine kwa siri. Alijiambia anamsitiri mzee. Alijua pia kwamba anaogopa kumtazama usoni.

Alikiweka chuma cha keekee katikati ya kichwa cha ribiti, akazungusha. Jasho lilimwingia jichoni. Chuma kikateleza, kikauma pembeni, na kabla hajauzuia mkono wake, ribiti ilikuwa imetoka na tundu limepanuka, limekuwa na umbo la yai.

"Nani aliyekuambia uitoe?"

Mulwa alikuwa amesimama nyuma yake, kofia mkononi.

"Ilikuwa imelala, mzee. Nilidhani hukuiona."

"Niliiona siku ile ile niliyoipiga. Nikaipima, nikakirudia kitabu cha vipimo, nikaipima tena. Imelala, lakini imeshika, na kitabu kinairuhusu. Niliiacha kwa sababu kuitoa kuna hatari zaidi kuliko kuiacha."

"Mbona hukuniambia?"

Mzee alizungusha kofia vidoleni. "Ningekuambia nini? Kwamba mkono umeanza kutetema?" Alikohoa kidogo. "Hapo nilikosea. Nilipaswa kukuambia."

Mwinga alitazama chini. Miezi mitatu, tangu kikombe kianze kugongana na kisahani, walikuwa wakila sahani moja, na kila mmoja alikuwa akimficha mwenziwe jambo lile lile.

Mulwa alichukua rula, akapima kutoka tunduni hadi ukingoni mwa bati. Alipima tena.

"Tukilichonga liwe duara, litapokea ribiti nene ya saizi inayofuata. Ukingo utatosha. Ila hapana nafasi ya kukosea tena. Ukiteleza, boriti yote ni ya kutupwa." Akamrudishia keekee. "Toboa wewe."

"Mzee, ni mimi niliyeharibu."

"Na mimi siwezi. Toboa. Polepole."

Alitoboa. Safari hii hakuufikiria mkono wa mtu mwingine ila wake. Tundu likatoka duara, akaingiza ribiti nene. Mulwa akakikumbatia chuma kizito cha kuegemeza ribiti inapopigwa kutoka upande wa pili, akakibana kifuani kwa mikono miwili ili mtetemo upotelee mwilini, akakisukuma kwenye mkia wa ribiti.

"Piga."

Mwinga alipiga. Mara tatu, nne, tano. Mkia ulipondeka ukakaa bapa, sawa pande zote.

Alasiri Baya alifika kwa baiskeli, shati limemganda mgongoni.

"Shikamoo, mzee. Kaka, iko tayari?"

"Marahaba," alisema Mulwa, kisha akajishughulisha na kupanga patasi ambazo zilikuwa zimekwisha kupangwa. Mwinga alielewa kwamba ameachiwa kusema au kunyamaza.

Alisema. Aliieleza ribiti iliyolala, keekee iliyoteleza, tundu lililopanuka. Hakuacha kitu. Baya akaingiza mkono bawani.

"Hii?"

"Hiyo."

"Ni nene kuliko wenzake."

"Ndiyo."

Baya hakuutoa mkono. Uso wake ulikuwa wa mtu anayehesabu umbali.

"Na hizi nyingine?"

Mwinga aliitazama ndege kutoka mkiani hadi puani, mstari kwa mstari. Jana angejibu haraka.

"Ziko mia sita na ushei," alisema. "Sijui. Nilizipitia nikiwa na haraka ya Jumamosi."

Baya alivua saa yake, akakunja mikono ya shati, akalala chali kwenye saruji chini ya bawa.

"Basi nionyeshe, moja moja."

Mzee Mulwa aliziacha patasi. Alikwenda upande wa pili wa ghala, kwenye mlango mkubwa ambao haukuwa umefunguliwa tangu masika, akausukuma kwa bega mpaka mwanga ukawafikia chini ya bawa.