Sauti ya Kinyozi Jirani

Kinyozi mwenzangu wa ng'ambo ya barabara alinijaza wivu hadi kooni: benchi lake lilijaa wateja, langu lililaliwa na paka. Siku moja alipotoka mbio kumrudishia mteja simu aliyoisahau, nikapaza sauti, "Mwizi!" Watu wakamvamia, shemeji yangu akiwa miongoni mwao. Mimi sikumgusa hata kwa ukucha.

Mahakamani alishtakiwa shemeji yangu peke yake, maana ndiye aliyekutwa na rungu. Hakimu akamuuliza kinyozi, "Ni huyu tu?"

"Huyu alinipiga, mheshimiwa. Lakini aliyeniita mwizi ni yule pale nyuma. Sauti yake naijua, kila asubuhi huwaita wateja wangu waende kwake."

Shemeji akageuka kizimbani. "Kumbe wewe, shem! Njoo basi, benchi hili lina nafasi."