Injini Yenye Mguu Mrefu

Mume wangu Kiilu na mama yangu Kalunde walikaa miaka kumi na minne bila kusemezana ana kwa ana, na hawakuwa na ugomvi hata kidogo. Ilikuwa nthoni tu, ile heshima yetu Wakamba kati ya mwanamume na mama wa mke wake. Wakikutana njiani, Kiilu alishuka kwenye baiskeli akaingia vichakani mpaka mama apite. Akija nyumbani kwa mama, mama alikumbuka ghafla kazi iliyokuwa ikimngoja nyuma ya nyumba. Neno lolote baina yao lilipitia kwangu, Nzilani.

Na walipendana. Hilo ndilo wageni hawakulielewa. Mama aliniuliza kila Jumapili baada ya ibada kama baba Muthoki, kama alivyomwita Kiilu kwa jina la mtoto wetu, anakula vizuri. Magoti ya mama yalipoanza kumsumbua, Kiilu alimtengenezea kiti kirefu chenye mgongo, akakiacha mlangoni kwake alfajiri, akaondoka kimyakimya kama mwizi. Mama alikikalia siku hiyohiyo.

Kiilu ni mtu wa Makindu. Alijifunza ufundi wa injini huko, kisha akaja kwetu kaskazini ya Kitui kutunza pampu ya maji ya kanisa, akanikuta. Wakati huo Tana ulikuwa mto tu. Kiangazi tuliuvuka kwa miguu penye mawe, sketi tumezishika mkononi, kwenda kumwona Ndila, dada mkubwa wa mama aliyeolewa ng'ambo. Bwawa la Kiambere lilipojaa, mawe yale yalizama pamoja na miti yote ya bondeni, na ng'ambo ikawa mbali. Kwa barabara ilikuwa safari ya siku mbili, na mama hawezi gari. Hutapika kabla hata dereva hajabadilisha gia ya pili. Ikapita miaka mitano hawajaonana.

Mwaka wa 1993, mvuvi mmoja alileta salamu kutoka kwa Ndila. Macho ya Ndila yalikuwa yanaingia ukungu. Alisema, "Mwambieni Kalunde aje nimwone, kabla sijabaki na kumsikia tu."

Mama alisikia salamu hizo akiwa anapepeta ndengu. Aliendelea kupepeta hadi ndengu zikaisha kwenye ungo. Kisha akasema, "Muulize baba Muthoki, boti yake inafika?"

Kiilu alikuwa amenunua boti ya mbao kwa mvuvi aliyekuwa akirudi kwao, na rafiki yake wa Makindu akamtafutia injini iliyotumika kutoka Mombasa. Injini yenyewe ilikuwa nzima, nguvu za farasi kumi na tano, ikiwaka kwa mvuto mmoja. Lakini boti ilikwenda kama ng'ombe mgonjwa. Nyuma ilikaa chini, pua ikatazama mbinguni, na maji yakaruka kando ya injini yakatulowesha migongo. Halafu kulikuwa na visiki vya ile miti iliyozama. Kila mara propela iligonga kimoja, pini ndogo inayoishikilia ikakatika, na Kiilu akainama kuweka nyingine huku upepo ukitupeleka utakako.

Hata hivyo alisema, "Mwambie mama tutamfikisha."

Tulitoka Jumanne asubuhi. Mama aliketi mbele kabisa, mgongo kwa Kiilu, shuka kichwani. Kiilu alikuwa nyuma kwenye usukani. Mimi katikati na gunia la ndengu, nikiwa ukuta na pia dirisha.

Hatukufika. Pini mbili zilikatika kabla ya saa nne, kisha upepo wa mchana ukaamka na mawimbi yakaanza kuingia. Injini ililia kwa nguvu zake zote na ukingo wa ng'ambo ukabaki palepale. Kiilu aligeuza boti. Niliona shingo yake imekuwa fupi kwa aibu.

Tulipokuwa tunarudi, mama alisema akitazama maji, "Nzilani, muulize baba Muthoki kama amewahi kulima na plau."

"Mwambie mama sijawahi. Kwetu baba alikuwa wa reli."

"Basi mwambie hivi. Plau ikiingia sana ardhini, ng'ombe wanavuta mpaka macho yanatoka, na hawaendi. Si kosa la ng'ombe. Unainua plau kidogo, na ng'ombe walewale wanatembea. Hiyo mashini yake imeingia sana."

Tulipofika ukingoni Kiilu aliinama nyuma ya boti, akapitisha mkono chini ya maji, akapima kwa kiganja. Juu ya propela kuna kibati bapa. Kibati hicho kilikuwa chini ya tumbo la boti kwa zaidi ya upana wa kiganja kizima.

"Mguu wa hii injini ni mrefu," aliniambia polepole. "Ilitengenezewa boti za baharini, zenye ubao mrefu nyuma. Wa hii yetu ni mfupi. Nimekuwa nikikokota chuma ndani ya maji mwaka mzima, Nzilani, na mimi ndiye fundi." Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, "Mwambie mama asante."

"Amekusikia," nikasema. Mama alikuwa hatua nne kutoka kwetu.

"Mwambie tu."

Nikamwambia.

Siku iliyofuata Kiilu alichonga kipande cha mti wa mukau, mti wetu ambao mchwa hawauwezi, akakifunga kwa bolti juu ya ubao wa nyuma ili injini ikae juu yake. Akataka tujaribu na uzito uleule wa safari, maana boti tupu hudanganya. Kwa hiyo tukapanda tena wote watatu na gunia letu.

Kabla ya kuondoka alinionyesha tundu dogo ubavuni mwa injini. "Kutoka hapa lazima maji yaruke muda wote. Injini inavuta maji chini, inajipoza nayo, inayatoa hapa. Inakojoa. Isipokojoa, inaungua. Mimi nitakuwa natazama visiki, wewe tazama hapo."

Nikamweleza mama kwamba pale panatoka maji ya kupoza injini. Neno lile lingine nililimeza. Lakini mama ana masikio.

Mwanzoni boti ilituacha midomo wazi. Pua ilishuka, nyuma ikainuka, na maji yakaanza kuteleza chini yetu. Kiilu akaongeza mafuta. Kisha wimbi moja likatuinua na injini ikapiga yowe kama mbuzi aliyekanyagwa, huku boti ikipoteza mwendo. Propela ilikuwa inakata hewa badala ya maji. Kiilu alikaza macho mbele, akikwepa kichwa cha kisiki, akidhani ni upepo. Mimi nilikuwa nimelikumbatia gunia lisianguke. Mama ndiye aliyegeuka.

Aligeuka mwili mzima, shuka ikaanguka mabegani, akamtazama mkwe wake usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ya harusi.

"Kiilu!" alipiga kelele. "Zima! Haikojoi!"

Kiilu akazima.

Boti ilikuwa inayumba taratibu na harufu ya chuma cha moto ilitanda. Mama alikuwa amejifunika mdomo kwa mikono yote miwili. Alikuwa amemwita mkwe wake kwa jina, na papo hapo akatamka neno lile. Nilitaka kuingia ndani ya gunia.

Kiilu alitazama tundu, akaligusa, akaunguza kidole. "Ni kweli, mama," akasema moja kwa moja, bila kupitia kwangu. "Haikojoi."

Mabega ya mama yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, machozi yakimtoka, na Kiilu naye akaanza, akacheka hadi akashika ubao asianguke majini.

"Nimeinua kupita kiasi," alisema alipopata pumzi.

"Hata plau ukiiinua sana inakwaruza majani tu," mama akajibu. "Shusha kidogo."

Tulipiga makasia hadi ukingoni. Kiilu akang'oa kile kipande cha mukau akakipunguza kwa randa unene wa vidole viwili, tukajaribu; injini bado ikalia kidogo kwenye mawimbi. Akapunguza unene wa kidole cha tatu. Sasa kibati kilikaa sawasawa na tumbo la boti. Maji yaliruka kutoka tunduni bila kukatika, na mama, ambaye sasa alikuwa ameketi akitazama nyuma, aliyasimamia kama mtu anayechunga maziwa motoni.

Alhamisi tulivuka kabla ya upepo kuamka. Tulipita juu ya visiki viwili ambavyo zamani vingetusimamisha, na hatukukata pini hata moja.

Ndila alikuwa ameletwa ukingoni na wajukuu, amekaa juu ya jiwe. Mwili wake ulikuwa mdogo kuliko nilivyoukumbuka. Mama alishuka majini mpaka magotini bila kungoja boti isimame, akaenda akapiga magoti mbele yake licha ya maumivu. Ndila akamsogeza karibu, karibu sana, akamgeuza uso kwenye jua upande huu na upande ule.

"Umezeeka," akasema.

"Unaona vizuri, basi," mama akasema. Wakashikana, wakalia.

Kiilu alikuwa amebaki kwenye boti akijifanya anafunga kamba, maana Ndila naye ni mama mkwe kwake. Lakini Ndila aliuliza ni nani aliyemleta dadake, na mama akamwita. Akaja, akainamisha kichwa. Mkono wa kikongwe ukapita juu ya paji la uso wake, pua, masharubu.

"Huyu ana kichwa kikubwa," Ndila akatangaza. "Mpeni uji, na msimpe kwa kikombe kidogo."