Mzigo wa Kwanza wa Nyasi

Mwezi wa nane upepo wa kwetu Shishiyu huwa mwepesi. Nyasi za ngitili yetu zinalala upande mmoja, kisha zinainuka taratibu, kama kifua cha mtu aliyesinzia. Mwaka huu zilikauka zikawa na rangi ya asali. Nilikuwa nazitazama mpaka uji unaungua jikoni.

Ngitili ni malisho tunayoyafunga tangu masika, ili kiangazi kikikaza ng'ombe wapate cha kula. Yetu haina uzio. Kinachoifunga ni neno la mama, na majirani wanaliheshimu. Lakini mzigo wa kwanza wa nyasi ukitoka humo ukapita njiani, basi imefunguliwa, na yeyote mwenye ng'ombe anaweza kuleta. Mwaka juzi ilifunguliwa mapema. Ng'ombe wetu wanne walilala chini mwezi wa kumi na hawakuamka tena. Wamebaki saba.

Jenipha alikuja likizo ndefu ya chuo cha kilimo, kwa mafunzo ya vitendo ya wiki nane. Walimu wake walimleta kwetu kwa sababu mama yangu, Domitila, hachomi mabua, anapanda choroko katikati ya mtama, na udongo wake hata kiangazi unanukia mvua. Tulilala chumba kimoja. Aliniita dada Kabula ingawa amenizidi mwaka. Aliuliza mengi, nami nilijibu kwa kichwa. Niliishia darasa la nne. Mtu wa chuo akizungumza, maneno yangu yanarudi tumboni.

Siku ya gulio mama alienda Lalago, akatuachia kazi ya kufunika matuta ya mchicha. Mabua ya mtama hayakutosha. Jenipha akachukua mundu, akatazama kule kwenye ngitili, akasema zile nyasi zinafaa kabisa, bila shaka ndiyo kazi tunayozitunzia. Mimi nilitazama vidole vyangu vya miguu. Akadhani nimekubali.

Nilimwona akizama mpaka kiunoni, kilemba chake cha bluu kikielea juu ya ile asali. Ilikuwa kama ndoto ambamo mtu anataka kupiga kelele na sauti haitoki. Akarudi na mzigo kichwani, anaimba, kwa njia kubwa ambayo kila mtu anapita.

Jua halijafika utosini nikasikia njuga. Mzee Masele, jirani yetu, alikuwa anakuja na ng'ombe wake sitini. Vumbi lilificha miguu yao, wakawa kama wanaelea. Masele hakuwa mwizi. Aliuona mzigo ukipita.

Nilikimbia, nikasimama pale njia inapoingia kwenye ngitili, mikono nimeinyoosha.

"Haijafunguliwa, baba."

Masele alitega sikio. "Kumbe unasema? Mimi nilijua Domitila alizaa bubu."

Nikamweleza kwamba mgeni hakujua, mimi nilijua nikanyamaza, kosa ni langu.

"Kosa lako halishibishi ng'ombe, ng'wanone, mwanangu," alisema. Ndama mmoja alikuwa ameshapita chini ya mkono wangu, anatafuna. "Mzigo umepita, watu wameuona. Nikirudi mimi, jirani yetu Mayige ataleta wake. Kama imefungwa, ifunge kwa mdomo, nyumba kwa nyumba, kama mama yako anavyofanya. Nitasubiri hapa. Ukishindwa, naingia."

Nyumba ni tisa. Jenipha, aliyekuwa amenifuata mbio, macho mekundu, aliomba aseme yeye. Nikamwambia mgeni hafungi ngitili, lakini anaweza kunifuata.

Nyumba ya kwanza sauti yangu ilikuwa nyembamba, wakaniuliza nauza nini. Ya tatu waliwaita watoto waje wasikie Kabula anaongea. Baada ya nyumba ya tano sijui kilichotokea. Maneno yalitangulia mbele yangu njiani, mimi nikayafuata tu, na miguu haikugusa vizuri ardhi. Niliyasema kwa Kisukuma, jinsi mama anavyoyasema.

Nyumba ya mwisho ni ya mjane Monika. Nilipoingia uani nilimkuta mama amesimama, kikapu cha gulio bado kichwani. Habari zilishamfikia. Hakunisaidia.

"Ngitili yetu imefungwa," nikasema. "Mzigo uliopita ulikuwa wa makosa. Msilete ng'ombe."

"Mpaka lini?" Monika akauliza.

Siku ya kuifungua mama alikuwa hajawahi kuniambia. Huwa anaijua yeye peke yake. Nilimtazama, naye alikuwa anatazama barabara. Nikawafikiria wale ng'ombe saba, nikafikiria nyasi zilizobaki.

"Mpaka katikati ya mwezi wa kumi."

Mama akamgeukia Monika.

"Umesikia," akamwambia, akashika njia ya nyumbani.

Jenipha akakimbia kumpa Masele habari. Mimi nilibaki pale uani mpaka nikasikia njuga zikigeuka na kupotea upande wa kwao.