Kuku wa Tambi wa Kumbakiza Baba

Shangazi alikuja na begi tupu. Najua lilikuwa tupu kwa sababu nililipokea mwenyewe mlangoni, na nusura linirushe nyuma kwa wepesi. Mtu anayekuja kulala usiku mmoja haji na begi kubwa namna ile likiwa halina kitu, labda awe na mpango wa kurudi nalo limejaa. Na mpango wake niliujua. Alikuja kumchukua baba yangu na nguo zake.

"Kaka anakonda," alisema kabla hata hajavua viatu. "Anakonda, na anakondea hapa kwako."

Mimi ni fundi cherehani, na wakati ule nilikuwa na pini tatu mdomoni. Bahati yake.

Baba anaishi kwangu tangu mama atutoke, mwaka wa pili sasa. Alikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni kwa miaka thelathini na minne, wanafunzi mia sita, masufuria ambayo mtu mzima angeweza kuoga ndani yake akajisugua na mgongo. Nyumbani hakushika hata mwiko. Nyumbani kazi yake ilikuwa kukosoa. Mama, masikini, alimpikia maisha yake yote asisikie neno "kizuri" hata kwa bahati mbaya. Baba anaonja, anafumba macho, halafu anasoma mashtaka: kitunguu kimeungua upande, nyama imekatwa kinyume, nani aliosha huu mchele? Mama alikuwa anacheka. Mimi sikurithi kicheko chake, nilirithi jiko tu.

Lakini miezi mitano hii mashtaka yote yalikuwa yamebaki moja. "Chapwa," anasema, na sahani anaisukuma ikiwa nusu. Leo chapwa, kesho chapwa. Na mimi nikaona mzee ana haki, maana daktari alisema ana presha, chumvi ipunguzwe, na nilikuwa nimeipunguza kweli. Nikionja baada yake naona hewala, kweli kimepooza, hakijakolea. Naomba radhi. Mkanda wake wa suruali nimeutoboa matundu mawili mapya kwa mkono wangu huu.

"Tufanye hivi," alisema shangazi. "Kesho jioni nitakaa mezani nimtazame. Akila akaridhika, nafunga mdomo wangu na narudi zangu. Akisukuma sahani, kesho kutwa asubuhi naondoka naye. Kwangu atakula."

"Sawa!" nilisema, tena kwa sauti ya juu, kama mtu mwenye uhakika. Baada ya hapo nikaingia chumbani nikakaa kitandani nikiogopa.

Maana, niseme ukweli, sikutaka baba aondoke. Watoto wangu wameshakwenda kwenye maisha yao. Baba ndiye anayekaa na mimi pale sebuleni mchana kutwa, kwenye kiti cha karibu na cherehani, ananitungia uzi kwenye sindano kwa macho yale ya miaka sabini na sita yanayoona vizuri kuliko mimi na miwani yangu, huku anawasema wateja wakishatoka. "Huyu kitambaa hiki anakwenda kutishia nani?" Nampenda yule mzee. Sijawahi kumwambia, na yeye hajawahi kuniuliza, lakini nampenda.

Kesho yake asubuhi mdogo wangu akaja na mkewe na boksi. Mdogo wangu anauza vifaa vya umeme, na kila tatizo la ukoo huu yeye analitatua kwa kitu chenye waya. Safari hii ilikuwa sufuria ya umeme ya kupika taratibu.

"Masaa manane, dada," alisema.

"Masaa manane? Unanipikisha kuku au punda?"

"Ndiyo raha yake! Unaweka vitu asubuhi, unakwenda zako kushona, jioni unapakua. Nyama inaachia mfupa yenyewe. Sharti moja tu: usifunue kifuniko. Kila ukifunua, joto linatoka, unaanza upya."

Nikaona afadhali. Nilikuwa na sare nane za wahudumu wa hoteli za kumaliza siku hiyo hiyo, na kuku wa tambi ndicho chakula alichokuwa anakipika mama tukiumwa, au mvua ikinyesha, au mtu akirudi nyumbani na uso umemshuka. Nikakata kuku vipande. Nikatia vitunguu, karoti, vitunguu saumu, pilipili manga, maji ya moto, na kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Nikasimama. Nikamkumbuka daktari. Nikamkumbuka na shangazi. Nikaongeza kijiko cha pili, nikafunika haraka kama mwizi, nikaenda kwenye cherehani.

Kutoka nilipokaa, jikoni sipaoni, lakini napasikia. Haikupita saa moja nikasikia kifuniko kinalia.

"Nani anafunua?"

"Nakunywa maji!" alijibu shangazi.

Baadaye kidogo, kifuniko tena.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, wifi, nanawa mikono!"

Saa sita kasoro, kifuniko kwa mara ya tatu, na mimi nimeshawaka. "Jamani, joto! Si mmeambiwa joto linatoka?"

"Nakagua taa kama inawaka, dada," alisema mdogo wangu, mwenye sharti lake mwenyewe. Mimi nawaza joto tu, wala akili yangu haikwenda kwingine. Baba alikuwa kwenye kiti chake, anatunga uzi. Mchana nikaenda nikatia tambi mbio mbio, sikuonja hata tone, nikarudi kwenye vifungo vya sare ya saba.

Saa kumi na moja tukakaa mezani, watu watano. Kwa macho chakula kilikuwa hakina kasoro. Nyama imeachia mfupa, karoti zinang'aa, mvuke unapanda. Nikampakulia baba kwanza. Shangazi akaweka viwiko mezani akamkodolea macho, na mimi nikamkodolea macho shangazi.

Baba akatia kijiko mdomoni. Akafumba macho. Mikono yangu niliikalia.

"Kizuri," alisema.

Nilidhani nimesikia vibaya. Akachota tena, akatafuna, akatikisa kichwa taratibu. "Kimekolea hasa. Mama yako angekuwepo, angekuomba umfundishe."

Loo! Miaka hamsini na moja nimeishi duniani, sikuwahi kuambiwa neno kama lile na baba yangu. Nilitaka kulia, nilitaka kuruka, nilitaka kumkimbilia jirani nikamwamshe kama amelala. Badala yake nilimgeukia shangazi, nikampa tabasamu moja pana, lile la kumkata mtu maini. Umeona? Anakondea wapi?

Shangazi akatia kijiko chake mdomoni. Macho yakamtoka. Akameza kwa shida, akaivuta bilauri ya maji. Mdogo wangu akakohoa, akaendelea kukohoa. Wifi akawa anaitazama sahani yake kama imemtukana.

Ndipo nikaonja mimi.

Salaale! Ile haikuwa supu. Ulimi wangu ulijikunja wenyewe ukatafuta pa kukimbilia. Nikamtazama shangazi, akatazama dari. Nikamtazama mdogo wangu, akatazama mlango. Nikamtazama wifi, na yule hana uwezo wa kuficha kitu. Akaniinamia sikioni. "Kijiko kimoja tu, wifi. Nilimwonea huruma mzee, kila siku analia chapwa."

Kijiko chake, cha shangazi, na cha mdogo wangu, ambacho baadaye nilikuja kujua kilikuwa kijiko cha mezani. Kila mmoja kwa siri, kila mmoja kwa upendo, juu ya viwili vyangu.

Na baba anakula. Anakula kwa utulivu, kijiko baada ya kijiko, kama mtu aliyekaa kwenye harusi ya watu anaowapenda. "Mbona hamli?" aliuliza.

"Tunakula, baba!" Tukala. Nani angethubutu kutokula? Jagi la maji likazunguka meza mara tatu.

"Na maji mengi hivyo?"

"Joto, baba," alisema mdogo wangu, na jasho lilikuwa linamtoka kweli.

Mimi nilikuwa nimeshaelewa, na sikutaka kuelewa. Mtu aliyegundua punje moja ya mchanga kwenye sufuria ya watu mia sita, leo anakula chumvi tupu na kusifu! Hakuwa anafanya adabu, baba hana adabu ya namna hiyo. Alikuwa hasikii ladha yoyote.

Halafu akaisogeza sahani kwangu, nyeupe, imefutwa. "Niongeze, mwanangu."

Nikasimama na upawa mkononi. Fikiria hali yangu. Nimeshinda. Shangazi mdomo umefungwa, hawezi kusema kina chumvi bila kujitaja. Mdogo wangu vilevile, wifi vilevile. Nichote tu nimpe, baba abaki, na sifa yangu nibaki nayo mpaka kaburini. Upawa ulikuwa umeshazama kwenye supu. Lakini ile presha, na chumvi ile, na yeye alikuwa ananitazama kwa macho ya mtoto anayesubiri.

"Hapana, baba," nilisema. "Kina chumvi. Kimetiwa chumvi na watu wanne. Hakiliki."

Baba akawatazama mmoja mmoja, wenye bilauri zao. Akaweka kijiko chini, akajipangusa masharubu kwa taratibu sana.

"Tangu yale mafua," alisema mwishoni. "Yale yaliyonilaza wiki mbili. Yalipoondoka yaliondoka na ulimi. Chumvi, sukari, ndimu, vyote ni kutafuna karatasi. Ndiyo maana sili. Nile nini?"

"Lakini baba, kila siku unasema chapwa!" alisema wifi.

"Ningesema nini? Nimekosoa chakula maisha yangu yote. Ningenyamaza siku moja tu, mngeniita daktari. Nikaona niseme chapwa, maana kwangu ndivyo kilivyo. Na kila nikisema, mnaonja, mnakubali. Miezi mitano nabahatisha, hakuna aliyenipinga hata siku moja."

Hasira zikanipanda, sitaki kudanganya. Miezi mitano naomba radhi! Miezi mitano najiona sijui kupika, kumbe nahukumiwa na mtu asiyeonja! Nilifungua mdomo nimpe zake, halafu nikaona mikono yake. Ilikuwa imeshika ukingo wa meza kwa nguvu.

"Na leo?" niliuliza, sauti ikiwa imepungua yenyewe. "Leo kwa nini ukasifu?"

Akamtazama dada yake, halafu mimi, halafu akaitazama meza.

"Niliwasikia mkipanga," alisema. "Kuta za nyumba hii si nene. Nikajisemea, kama neno moja ndilo litakalonibakiza hapa, nalisema. Sitaki kwenda. Kwako, dada yangu, kuzuri, lakini nani atamtungia huyu sindano?"

Shangazi akaanza kulia, kilio kile cha kelele, cha pua na leso. "Si ungesema tu, kaka! Kumficha mtu kitu kama hiki!"

"Mpishi asiye na ulimi, nikuambie nini? Nikuambie sina kazi tena duniani?"

"Kesho tunakwenda kwa daktari," nilisema.

"Kesho mnakwenda nyinyi wawili," alisema shangazi akijifuta. "Mimi narudi kwangu." Na kutoka kwake yeye, hayo yalikuwa maneno makubwa.

Nikakaa. Moyo wangu ulikuwa umechoka ghafla, kama niliyekuwa nimeshona sare themanini na siyo nane. Sifa moja niliyopewa na baba yangu maishani ilikuwa ya uongo, na nilijinyang'anya mwenyewe mbele ya watu. Nilimhurumia. Nilijihurumia pia, kidogo. Baba alikuwa bado anasogeza sogeza kitu mdomoni, anakipeleka shavu hili, anakirudisha shavu lile, paji la uso limemkunjana.

"Lakini hizi tambi," alisema.

Tukamtazama.

"Hizi tambi zimeiva kupita kiasi. Hizo nazisikia kwa meno. Umezitia mapema mno, zimelegea, zimekuwa uji. Tambi ni za mwisho mwisho kabisa, mwanangu, mara ngapi niliwaambia? Mia sita nilikuwa nawapikia, na hakuna hata mmoja aliyekula tambi iliyolegea."

"Baba, jamani, siyo leo!" alisema mdogo wangu.

Nikamnyamazisha kwa mkono. Machozi yalikuwa yananitiririka, wala sikuyafuta. Nikavuta kiti changu mpaka magoti yetu yakagusana.

"Endelea, baba," nikamwambia. "Na karoti je?"